Verlyn na Tairi Pana la Arlo

Verlyn Haugen alikuwa na uso wa kununa hata akiwa na furaha. Hakuwa mtu mbaya. Ukimsalimia asubuhi anaguna, ukimpa habari njema anaguna, na siku aliyooa, wanasema, mchungaji alipomuuliza kama anamkubali bibi harusi aliguna vilevile, ikabidi aulizwe mara ya pili. Mke huyo alikwenda zake Nebraska baada ya miaka minne. Verlyn aliguna, akarudi gereji.

Gereji yake ilikuwa Whitewood, chini ya milima ya Black Hills, Dakota Kusini, mji ambao ukianza kupiga chafya mwanzoni mwake utamalizia nje. Hapo alikaa miaka thelathini na moja akifanya kazi moja tu. Injini hakuzigusa. Ukimpelekea pikipiki inayogonga au kutoa moshi alikufukuza. Yeye alikuwa fundi wa magurudumu: anatoa yale ya kiwandani, anasuka mapya kwa mkono, spoki moja moja, halafu anayavisha tairi pana kuliko walivyokusudia walioitengeneza pikipiki. Pikipiki zenyewe ni zile kubwa na ndefu, za kukaa umejiegemeza na miguu umeinyoosha mbele, na huko mtu anaweza kukosa kanisa mwaka mzima lakini pikipiki yake hakosi kuing'arisha Jumamosi.

Ajabu ni kwamba Verlyn mwenyewe aliyaponda matairi hayo.

"Tairi pana ni ujinga," alimwambia kila mteja. "Pikipiki inakuwa nzito kwenye kona, inakataa kulala. Barabara ikilowa unabaki kumwomba Mungu. La nini?"

"Linapendeza, Verlyn."

"Haya. Iache hapo."

Maana hata yeye alijua linapendeza. Likishakaa mahali pake, jeusi, nene, limejaza madigadi yote ya nyuma, yale mabati ya kukinga tope, alirudi hatua tatu, akajifuta mikono kwa tambara, akalitazama. Hiyo ndiyo saa pekee aliyokuwa haguni.

Sasa, asiyejua kazi hii hudhani unatoa tairi jembamba, unaweka pana, basi, mchezo umekwisha. Thubutu! Tairi likiongezeka inchi nne, linakwenda kulamba mkanda unaovuta gurudumu. Kwa hiyo mkanda unausogeza. Ukiusogeza mkanda, unasogeza giaboksi. Unapanua vyuma vya nyuma, unabadili ekseli, unaweka madigadi mapya. Wiki tano zinakwisha hivi hivi, na ukishamaliza yote hayo bado hujui kama umepatia, kwa sababu pikipiki iliyo juu ya jeki haisemi ukweli. Itasema ukweli siku ikikaliwa na watu wawili, springi zibonyee, gurudumu lipande juu ndani ya madigadi. Kama kuna kitu huko ndani kitaligusa, hapo ndipo utakiona.

Ndiyo maana Verlyn alikuwa na Bernadine.

Bernadine alikuwa mjane, mwenye duka la mikate na keki za kastadi mlango wa pili kutoka gereji, mwanamke wa mwili hasa, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Pikipiki ikiwa tayari, Verlyn alipiga ukuta kwa nyundo mara mbili, na Bernadine akaja na aproni yake ya unga. Mwenye pikipiki anakaa mbele, Bernadine anakaa nyuma, Verlyn analala chali sakafuni na tochi.

"Rukeni!" anapiga kelele huko chini.

"Tunaruka! We huoni?" Bernadine anajibu. "Mwenzako huyu ndiye anayeogopa kuruka."

"Bernadine, mbona kama umepungua?"

"Nyamaza, nisije nikashuka hapa nikakukalia wewe."

Wakisharuka vya kutosha, Verlyn anajua ni bolti ipi ya madigadi inachungulia sana kwa ndani, anaikata kwa grainda mpaka inakuwa sawa na nati, ndipo pikipiki inatoka. Bila hivyo haitoki. Mji mzima ulijua. Watu hawakuulizana kama pikipiki ya fulani imekwisha. Waliulizana, "Bernadine ameshakalia?"

Miaka thelathini na moja hakuna tairi la Verlyn lililomwangusha mtu. Alikuwa hajisifu, lakini alikuwa anaihesabu hiyo miaka.

Sasa Arlo.

Arlo Ketterling alisoma darasa moja na Verlyn tangu wakiwa na meno ya utoto. Alikuwa dereva wa magari ya kaunti ya kuondoa theluji, mrefu, mcheshi, mwenye masharubu ambayo wanawake waliyatazama hata yalipoanza mvi. Mkewe, Twyla, alikuwa mpishi wa shule. Kila mwezi wa nane, pikipiki zinapojaa barabara zote za milima ile kwa ajili ya mkutano mkubwa wa kila mwaka, Arlo alikuwa anapanda yake na kupotea siku kumi. Alisema yuko na wenzake. Alikuwa Gillette, ng'ambo ya mpaka wa Wyoming, kwa mwanamke mmoja mwenye nywele nyekundu. Mji ulijua. Twyla alijua kabla ya mji. Hakusema kitu, ila tangu harusi ya binti yao Kendra, miaka kumi na moja nyuma, hakukalia tena pikipiki ya mumewe.

Mwezi wa sita Arlo akaja gereji.

"Nataka tairi la nyuma inchi tisa na nusu," alisema.

"Ujinga."

"Najua. Nataka na rimu mpya, spoki themanini."

"Umri wako huo, Arlo, wenzako wananunua viti vya kutikisika."

"Nitakinunua. Na hicho nacho utanifungia tairi pana." Akatoa mfuko mdogo mfukoni. "Na hizi bolti za madigadi. Nataka vichwa vikae nje vionekane. Tazama zinavyong'aa."

"Vichwa vikikaa nje, mikia inakaa ndani, inalitazama tairi."

"Si utaikata? Au umeacha kazi?"

Verlyn aliguna. Aliifanya kazi ile vizuri kuliko kazi zote alizowahi kufanya. Rimu aliisuka jioni kwa jioni, akiizungusha na kuinyoosha mpaka ikawa haiyumbi hata kiasi cha unywele. Mtu ukiwa na rafiki mmoja tu duniani, basi unamtengenezea gurudumu.

Jumatano moja kabla ya mkutano kuanza, Arlo alikuja kuichukua. Bernadine hakuwepo. Alikuwa amekwenda Aberdeen kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga.

"Jumatatu," Verlyn alisema. "Bernadine anarudi Jumapili."

"Jumatatu! We mzee una wazimu? Wenzangu wanaondoka kesho asubuhi."

"Haijakaliwa."

"Nikalie mimi basi, si nipo?"

"Wawili, Arlo. Na bolti sijazikata. Nasubiri nione zinafika wapi."

"Wawili wa nini? Nani atakaa nyuma? Twyla?" Arlo akaangua kicheko. "Twyla na pikipiki hii hawajasalimiana tangu Kendra aolewe!"

Verlyn naye akacheka. Baadaye alikichukia kicheko kile kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya kwa mdomo wake. Alimkalisha Arlo peke yake, akalala chini na tochi, akaona nafasi kati ya bolti na tairi inatosha kidole kupita. Kwa mtu mmoja ilitosha. Aliposimama alikusudia kusema, usimpakie mtu mpaka Jumatatu. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini Arlo alikuwa ameshawasha, pikipiki inanguruma, jua la alasiri limelipiga lile gurudumu na spoki zake themanini, na Verlyn akawa amesimama mlangoni na tambara lake anatazama kazi ya mikono yake. Alitazama mpaka ikakata kona. Lile neno hakulisema.

Kesho yake asubuhi Arlo alipotoka na begi lake, alimkuta Twyla amesimama kwenye ngazi za nyumba amevaa koti lake la ngozi la zamani.

"Nipeleke mimi," Twyla alisema.

Arlo alimtazama, akalitazama begi. Kisha akalirudisha ndani. Baadaye alisema hata yeye hajui kwa nini. Mke wake alikuwa amepaka rangi ya mdomo.

Walikwenda barabara ya bonde la Vanocker, kona baada ya kona kati ya misonobari. Kwenye mojawapo ya kona hizo tairi la nyuma lilipasuka. Arlo alivunjika mfupa wa bega. Twyla alirushwa kwenye mawe, akavunjika mgongo, na kuanzia kiunoni kushuka chini hakusikia kitu tena.

Askari wa barabarani aliandika kwamba ni mwendo. Arlo mwenyewe ndiye aliyemwambia.

"Nilikuwa maili sabini kwenye kona ya thelathini na tano," alisema akiwa amekaa kwenye majani, mkono umening'inia. "Nilitaka apige kelele kama zamani. Andika hivyo. Ni mimi."

Tairi lilikuwa limechanika vibaya kwa kuburuzwa. Hakuna aliyeliulizia.

Pikipiki ililetwa gereji kwa Verlyn juu ya tela, kwa sababu Arlo hakutaka kuiona. Verlyn aliifunika turubai. Siku ya tatu akaifunua, akawasha tochi. Bolti mbili za madigadi zilikuwa zimesuguliwa mpaka zinameta kwenye ncha, na katikati ya hesi zake, ile mikunjo ya kufungia nati, kulikuwa na mpira mweusi. Akakigeuza kipande cha tairi. Palikuwa na mifereji miwili imelizunguka lote, imekatwa taratibu, maili kwa maili, imeingia mpaka kwenye nyuzi. Verlyn alikaa sakafuni. Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, akaona aibu kwamba yake itaamka.

Bernadine aliporudi Jumapili alipitia gereji kabla hata hajafungua duka. Aliitazama turubai.

"Ya Arlo nani aliikalia?" aliuliza.

Verlyn alitazama sakafu. Hata kuguna hakuguna.

"Loo, Verlyn," Bernadine alisema, akatoka. Ukuta haukupigwa nyundo tena. Wateja walipokuja kutaka tairi pana Verlyn aliwaambia mgongo unamsumbua, wapeleke Rapid City.

Kuanzia hapo kitu kimoja tu kilikuwa kinamla: amwambie Arlo. Hakuwa anatafuta msamaha, msamaha aliona haupo. Alitaka tu rafiki yake aache kujiua kwa kosa lisilo lake. Maana Arlo alikuwa anakwisha. Aliacha kazi ya kaunti. Alijenga njia ya mbao ya kupandishia kiti cha magurudumu, akashusha masinki, akajifunza kupika. Masharubu alikata. Mjini watu walisema, jamani, mnamwona Arlo? Arlo amekuwa mtu! Na ni kweli alikuwa amekuwa mtu, ila mtu huyo alikonda kila mwezi, na alikuwa akitembea anatazama chini.

Verlyn alikwenda nyumbani kwao mara kumi, mara ishirini. Anabeba kuni, anazoa theluji mlangoni, anakaa, anakunywa kahawa, anasema baridi imezidi, anaondoka. Akifika kwenye gari lake anajitukana kwa matusi yote ya baba yake. Mwezi wa kumi na mbili ukapita. Wa pili ukapita. Mwezi wa nne, theluji imeanza kuwa tope, akajiapiza kwamba leo hatoki bila kusema.

Alimkuta Twyla peke yake, kwenye kiti chake karibu na dirisha la jikoni, na bakuli la viazi mapajani. Alikuwa anamenya kwa ajili ya supu ya viazi na madonge ya unga.

"Arlo yuko Spearfish, kwa mwuza dawa," alisema. "Ingia basi, usisimame mlangoni unaniletea baridi."

Verlyn aliingia, akakaa, kofia mkononi.

"Nimekuja kusema na Arlo," alianza. "Na wewe pia. Nimekuja kusema juu ya tairi, Twyla."

"Najua."

"Hujui. Ngoja niseme mpaka mwisho, maana nikikatizwa sitaweza tena..."

"Hukumkalisha Bernadine," Twyla alisema.

Kisu kiliendelea kuzunguka kiazi. Verlyn aliiweka kofia mezani.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Aniambie nani? Si nilikuwa nimekalia mimi? Tangu tunatoka mjini, kila tukiruka shimo, chini yangu kitu kinasema krrr. Tunaruka jingine, krrr. Halafu ikaja harufu ya mpira. Nimeishi na watu wa pikipiki tangu nazaliwa, Verlyn, mimi sio mjinga. Nikajua, huyu mzee hakumkalisha Bernadine."

"Kwa nini hukumwambia asimame!" Verlyn alipiga kelele, akajishtukia. "Twyla. Kwa nini hukusema?"

Twyla alikitupa kiazi kwenye sufuria, akachukua kingine. Hakuanza kukimenya.

"Kwa sababu nilijua ni uzito wangu. Lile koti halikufunga zipu, nililishika na pini. Nikaona nikisema kuna kitu kinakwaruza, atacheka. Au atageuza, anirudishe nyumbani, ashike njia yake ya Gillette. Nikasema moyoni, acha kikwaruze. Nilikuwa nimemshika mume wangu kiuno. Unajua ni miaka mingapi nilikuwa sijamshika kiuno?"

Verlyn alikuwa analia, na hakujua alianza saa ngapi.

"Kwa hiyo wewe umo," Twyla alisema, "na mimi nimo. Asiyekuwemo ni yeye peke yake. Arlo amekimbiza pikipiki maisha yake yote, hajawahi kuanguka. Kona ile angeipita amefumba macho."

"Basi ndiyo maana lazima aambiwe! Anajimaliza, humwoni? Anajimaliza kwa kitu ambacho hakukifanya."

"Namwona. Ananilalia pembeni kila siku."

"Basi nitamngoja hapa. Akiingia namwambia."

"Hutamwambia."

Alilisema bila hasira, na Verlyn alidhani hakusikia vizuri.

"Nisikilize wewe sasa," Twyla alisema. "Mwanaume yule ananiogesha. Ananivua, ananiosha mahali ambapo mimi mwenyewe sisikii kama nimeoshwa, ananivalisha. Usiku anaamka mara mbili kunigeuza nisioze mgongo. Simu ya Gillette ililia pale mezani mwezi wa kumi. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Unadhani ni mapenzi? Mimi sio msichana, Verlyn. Ni hatia. Anajiona ameniua nusu, basi nusu iliyobaki anaitunza. Na mimi nimeipokea, maana ndiyo iliyonirudishia mume."

"Huo ni ukatili."

"Ni ukatili, ndiyo. Haya, mwambie. Atalia, pengine atakupiga, halafu atalala usingizi wa kwanza tangu mwaka jana. Atakuwa mwema kwangu mwezi mmoja, miwili. Mwezi wa nane utafika, pikipiki zitaanza kupita hapo barabara kuu mchana kutwa, naye atakuwa amesimama dirishani hapa, mtu asiye na kosa. Unamjua Arlo. Niambie kama nasema uongo."

Verlyn alijua hasemi uongo. Alikitafuta ndani ya kichwa chake kitu kimoja cha kumtetea rafiki yake, hakukiona.

"Akiondoka, nitakuja mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nitakutunza mimi."

"Mjinga we," Twyla alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea. "Mimi nilitaka mume wangu."

Maji ya theluji yalikuwa yanadondoka kutoka paani.

"Siwezi kukaa nalo, Twyla. Nakuambia kweli. Siwezi."

"Utakaa nalo. Mimi nakaa na hii," akaipiga miguu yake kwa mpini wa kisu, na miguu haikutikisika.

Gari likasikika nje. Twyla akajifuta macho kwa kiwiko, akarudi kwenye kiazi chake. Arlo aliingia na mfuko wa dawa, akikung'uta tope viatuni, shati limemwia kubwa shingoni.

"Ah, Verlyn! Nimeona gari lako. Umekunywa kahawa? Amekupa kahawa huyu?" Hakungoja jibu. Aliinama kwa mkewe, akamsawazishia blanketi, akamgusa mikono kuona kama imepoa, akamwonyesha vidonge kimoja kimoja na saa zake. Twyla alikuwa anaitikia kwa kichwa. Verlyn alisimama, akasema anakwenda.

"Nikusindikize," Arlo alisema.

Walitembea mpaka kwenye gari. Verlyn alikuwa ameshashika kitasa cha mlango Arlo alipomwekea mkono begani.

"Subiri kidogo, kaka. Kuna jambo nataka kukuambia tangu siku ile, na kila ukija linanikwama."

Verlyn aligeuka polepole. Kwa sekunde moja alidhani, na alitamani kwa moyo wote, kwamba Arlo amejua mwenyewe.

"Lile gurudumu," Arlo alisema. "Ulilisuka wiki tano. Sijawahi kuona kazi kama ile. Na mimi nikaenda kulivunja asubuhi moja kwa upuuzi wangu. Najua watu wanasema. Najua umeacha kazi kwa sababu wanasema tairi la Verlyn lilipasuka. Kila anayeniuliza namwambia, koma, fundi hana neno, ni mimi. Nimekuharibia jina, Verlyn. Nimekuharibia na maisha. Nisamehe."

Arlo aliyasema hayo akitazama chini, kama alivyotazama chini miezi yote ile. Verlyn alitazama juu ya bega lake, kwenye dirisha la jikoni. Twyla alikuwa ameacha kumenya. Alikuwa anawatazama, ametulia kabisa, na uso wake haukumwomba Verlyn kitu.

"Yameisha, Arlo," Verlyn alisema.

"Umenisamehe kweli?"

"Nimekusamehe."

Arlo alimkumbatia, akalia kwa sauti begani pake, pale nje kwenye tope, mtu wa miaka sitini na mbili.

"Asante," alisema. "Asante, ndugu yangu. Mungu akubariki." Akajifuta uso kwa mikono miwili, akarudi ndani haraka, kwa sababu saa ya kumgeuza mkewe ilikuwa imefika.